Waya wa Moto Utoke Wapi? Maswali ya Wenye Gari wa Bububu

Gari nyingi zinazopita Bububu kwenda Mahonda na Mkokotoni zimeshatembea Japani miaka kadhaa kabla ya kufika Unguja. Huja na redio isiyoshika nusu ya stesheni za hapa na kitabu cha maelekezo cha Kijapani. Kamera na chaja ya simu mwenye gari hujitafutia mwenyewe. Zamani kazi hiyo ilikuwa ya fundi umeme wa magari peke yake. Siku hizi kifaa hununuliwa Darajani, video ya maelekezo hutazamwa kwenye simu, na Jumapili asubuhi dashibodi inafunguliwa uani.

Si jambo baya. Kufunga kamera ndogo ya kioo cha mbele hakuhitaji cheti. Kunahitaji mita ya kupimia volti, koleo la kubania vichwa vya waya, na majibu ya maswali machache ambayo video nyingi huyapita mbio.

Kamera ina plagi ya soketi ya kiberiti. Kwa nini mtu ahangaike kufungua boksi la fyuzi?

Anayetumia gari kwenda kazini na kurudi anaweza kuchomeka akamaliza. Shida ya plagi ni kwamba hulegea. Kwenye matuta na mashimo kamera huzima na kuwaka, na aghalabu huzima papo hapo gari inapogongwa, yaani kwenye sekunde ile hasa ambayo kamera ilinunuliwa kwa ajili yake. Dereva anayechukua wageni kwenda Nungwi ana sababu nyengine: soketi anaitaka abiria kwa simu yake.

Basi umeme uchukuliwe wapi?

Hapa ndipo kazi nzima inapoamuliwa. Gari ina umeme wa aina tatu. Upo unaokuwepo saa zote, hata gari ikiwa imefungwa: wa taa ya ndani, honi na saa. Upo unaokuja ufunguo ukizungushwa hatua ya kwanza, ambao ni wa redio na soketi ya kiberiti. Na upo unaokuja hatua ya pili, gari ikiwa tayari kuwaka, unaolisha kompyuta ya injini na vyombo vya usalama.

Kamera ya kawaida inataka ule wa hatua ya kwanza. Kwenye Toyota nyingi ndogo boksi la fyuzi la ndani liko chini ya dashibodi, upande wa magoti ya dereva au nyuma ya kisanduku cha abiria, na kwenye kifuniko chake mna alama fupi za herufi za Kilatini. CIG na ACC aghalabu ni umeme wa ufunguo; DOME ni wa saa zote. Zenye alama za SRS, ABS, ECU au EFI ziachwe zilivyo. Hizo ni za mifuko ya hewa, breki na injini, na hakuna kamera inayostahili kuunganishwa nazo.

Alama zisiaminiwe peke yake, kwa sababu gari yenye umri wa miaka 15 imeshapitia mikono mingi. Mita iwekwe kwenye volti za betri, kipimo cha 20; ncha nyeusi iguse chuma kitupu cha bodi, nyekundu iguse vijichuma viwili vinavyoonekana juu ya kila fyuzi. Ufunguo ukiwa nje, mita isome sifuri. Ukizungushwa hatua ya kwanza, isome 12 na ushei. Fyuzi yenye tabia hiyo ndiyo inayotafutwa.

Baada ya hapo usikatwe waya wowote wa gari. Kuna kishikizo kidogo chenye nafasi mbili za fyuzi kinachochomekwa mahali pa fyuzi ya zamani: fyuzi ya asili inakaa nafasi moja, ya kamera inakaa nyengine, na mkia wake mmoja ndio unaokwenda kwenye kifaa. Fyuzi za magari zina ukubwa zaidi ya mmoja, kwa hiyo ya zamani ing'olewe kwanza na ipelekwe dukani kulinganishwa. Kishikizo pia kina upande. Kikigeuzwa, umeme wa kamera unapitia kwenye fyuzi ya asili na kuiongezea mzigo. Kupima ni rahisi: fyuzi ya asili itolewe kwenye kishikizo. Kama kamera bado inawaka, upande ni sahihi.

Fyuzi ya kamera iwe ya ngapi?

Ndogo kuliko wengi wanavyodhani. Kamera inayotumia volti 5 na ampea 2 ni mzigo wa wati 10. Kwenye betri ya volti 12 hiyo haifiki ampea 1, na hata ukihesabu kinachopotea kwenye kibadilishaji cha volti, fyuzi ya ampea 2 au 3 inatosha. Maduka mengi huuza kishikizo na fyuzi ya 10, ile nyekundu, na mnunuzi huichomeka hivyohivyo.

Kosa hilo linatokana na dhana kwamba fyuzi imewekwa ili kulinda kifaa. Imewekwa ili kulinda waya. Waya wa kamera ni mwembamba, na unapita ndani ya kitambaa cha dari na nyuma ya plastiki. Ukichubuka ukagusa bodi, betri ina uwezo wa kusukuma mamia ya ampea kwa muda mfupi. Fyuzi ndogo hukatika kabla waya haujapata moto. Fyuzi kubwa mno husubiri, na huku waya unaiva ndani ya dari.

Na hapa lazima lisemwe jambo la karatasi ya fedha ya pakiti ya sigara. Fyuzi inaungua njiani, dereva ana haraka, fyuzi inazungushiwa karatasi hiyo au kijiwaya cha shaba, na safari inaendelea. Ni ufundi wa hatari kuliko wote unaofanyika kwenye gari zetu, na fyuzi yenyewe ni miongoni mwa vitu rahisi kabisa katika duka la vipuri. Pakiti ya fyuzi mchanganyiko ikae ndani ya gari: 5 ni kahawia hafifu, 10 nyekundu, 15 buluu, 20 manjano, 30 kijani. Ikiungua ya pili kwa mfululizo, pana shoti mahali, na ya tatu isichomekwe mpaka shoti ipatikane.

Kwa anayechukua umeme moja kwa moja kutoka kwenye betri, fyuzi ikae karibu na betri, isizidi shubiri moja kutoka kwenye kichwa chake. Kipande cha waya kilicho kabla ya fyuzi hakina kinga yoyote.

Waya mweusi ufungwe wapi? Boliti yoyote inafaa?

Haifai yoyote. Boliti iliyoingia kwenye plastiki haipeleki umeme popote, na yenye rangi chini yake hupeleka kwa kusitasita. Itafutwe iliyoingia kwenye chuma cha bodi, rangi ikwanguliwe kidogo, na waya ubanwe kwa kichwa cha duara.

Unguja ina adui wa ziada: hewa ya chumvi. Gari inayolala Bububu, bahari ikiwa jirani, hupata ukoko wa kijani kwenye kila shaba iliyo wazi. Maungio ya kusokota nyaya mbili kwa vidole na kuzifunga tepu hukaa vizuri miezi michache. Kisha joto la gari iliyoegeshwa juani linayeyusha gundi ya tepu, chumvi inaingia, na kifaa kinaanza kuwaka na kuzima bila sababu inayoonekana. Maungio yabanwe kwa koleo, yavalishwe mpira unaonywea ukipashwa moto, na palipokwanguliwa rangi papakwe grisi baada ya boliti kukazwa.

Waya upite njia gani mpaka juu ya kioo?

Uchomekwe kwenye ukingo wa dari, ushuke pembeni ya nguzo ya kioo, kisha uingie nyuma ya dashibodi. Gari nyingi za karibuni zina mifuko ya hewa ya pembeni ndani ya nguzo hiyo. Waya upite nyuma ya mfuko, ukishikana na waya wa asili wa gari, usiukatize mbele. Mfuko hufunguka kwa nguvu kubwa, na chochote kilicho mbele yake hurushwa kwenye uso wa mtu.

Kabla ya kufungua plastiki ya nguzo hiyo, kichwa cha hasi cha betri kitolewe kwa spana namba 10. Toyota yenyewe huagiza kusubiri angalau sekunde 90 kabla ya kugusa sehemu za mifuko ya hewa. Redio itasahau stesheni na saa itarudi mwanzo. Huo ni usumbufu wa dakika tano.

Kamera ikiachwa inalinda gari usiku, asubuhi gari itawaka?

Usiku mmoja, ndiyo. Kamera ikiwa katika hali ya ulinzi hula kama ampea 0.3, kwa hiyo saa 12 zinamaliza ampea-saa 3.6. Betri ndogo ya Vitz au IST ina kama ampea-saa 35 ikiwa mpya. Sasa hesabu iwe ya mwenye gari aliyepanda boti kwenda Dar es Salaam Ijumaa jioni akarudi Jumatatu asubuhi: saa 60, ampea-saa 18, nusu ya betri. Kwa betri iliyozeeka, hiyo ni gari ya kusukuma.

Ulinzi wa namna hii unahitaji kifaa cha kuunganishia chenye nyaya tatu: mmoja wa umeme wa saa zote, mmoja wa ufunguo, na mmoja wa bodi. Kifaa kizuri hujikata volti zikishuka hadi kiwango kilichochaguliwa. Betri iliyotulia ikisoma 12.6 imejaa, 12.4 ni kama robo tatu, 12.2 ni nusu, 12.0 imebaki robo. Vifaa vingine huja vimewekwa vikatike chini ya 12, na hapo ni kuchelewa. Kiwango kiwekwe 12.2 au juu zaidi, kamera ikose saa chache za usiku, gari iwake.

Redio ya Kijapani je? Ni lazima kuibadilisha?

Japani redio za FM zilikaa kati ya megahezi 76 na 90, kwa sababu sehemu ya juu ya masafa ilikuwa ya televisheni. Baadaye, televisheni ya analojia ilipozimwa, zikasogezwa hadi 95. Hapa kwetu stesheni zinaendelea mpaka 108. Tiba ya rahisi ni kiboksi kidogo kinachokaa kati ya waya wa antena na redio na kuyashusha masafa. Kiwe kile kinachopunguza 20, stesheni ya 98 itasikika kwenye 78. Sauti haiwi safi kama ya redio ya haki, na stesheni mbili huweza kupandana.

Anayetaka redio mpya anunue na plagi ya kuunganishia ya Toyota, yenye matundu 10 na 6, badala ya kuzikata za asili. Nyuma ya redio nyingi za Toyota waya wa kijivu ni umeme wa ufunguo, buluu wenye mstari wa manjano ni wa saa zote, kahawia ni bodi. Kwenye redio za dukani rangi ni nyengine: nyekundu kwa ufunguo, manjano kwa saa zote, nyeusi kwa bodi. Nyekundu na manjano zikifungwa pamoja kwenye umeme wa saa zote, kama wanavyofanya wenye haraka, redio hula betri usiku kucha hata ikiwa kimya.

Umeme wa nyumba ukikatika, gari inaweza kuwasha televisheni?

Swali hili Unguja lina historia: kuanzia Desemba 2009 kisiwa kilikosa umeme wa Bara kwa takriban miezi mitatu. Inawezekana, lakini kigeuzaji, yaani kifaa kinachogeuza umeme wa betri kuwa wa nyumba, kikiwa cha wati 300 huvuta ampea 25 na zaidi, na soketi ya kiberiti ina fyuzi ya 15, yaani wati 180 tu. Kigeuzaji kikubwa kinataka nyaya nene zake mwenyewe kutoka kwenye betri, na fyuzi yake. Kishikizo cha fyuzi ya redio kisihusishwe.

Kuna gari ambazo mwenyewe asiziguse?

Zenye injini na mota, kama Aqua na Prius, zina nyaya za rangi ya chungwa zinazobeba volti zaidi ya 100. Hizo hazifuatwi wala hazifunguliwi. Kamera yake huchukua umeme kwenye boksi la fyuzi la ndani kama gari nyengine, ila betri yake ya volti 12 ni ndogo na ulinzi wa usiku huimaliza upesi. Coaster na malori ya dizeli mengi ni ya volti 24; kifaa kisichoandikwa 12–24 kikiunganishwa huko kinaungua dakika ileile.

Kazi imekwisha na kamera inawaka. Kuna la kuangalia?

Moja. Baada ya siku chache gari izimwe, milango ifungwe, isubiriwe nusu saa, kisha mita iliyowekwa kipimo cha ampea 10 iunganishwe kati ya kichwa cha hasi cha betri na waya wake. Ufunguo usizungushwe mita ikiwa hapo, kwani fyuzi ya ndani ya mita itaungua. Kutoa waya huo huziamsha kompyuta za gari, kwa hiyo namba ya mwanzo iachwe ishuke kwa dakika kadhaa. Gari iliyolala husoma 0.05 au chini yake. Ikibaki kwenye 0.3, fyuzi ya kamera itolewe. Namba ikishuka, umeme umechukuliwa pasipo pake au ulinzi wa usiku umeachwa wazi. Isiposhuka, kinachokula betri kilikuwemo kabla ya kamera, na fyuzi nyengine zitolewe moja moja mpaka kipatikane.