Bunduki Moja kwa Kila Mnyama: Inawezekana?

Swali lilianza hosteli, usiku, umeme umekatika, na kama kawaida lilianza kwa utani. Jamaa mmoja anayesoma usimamizi wa wanyamapori kama mimi aliuliza: ukiambiwa uchague bunduki moja tu, ya maisha yako yote, ya kuwindia kila kitu kuanzia kwale mpaka nyati, utachagua ipi? Mwenzetu kutoka Kenya akacheka, akasema kwao mjadala huo uliisha mwaka 1977 uwindaji ulipopigwa marufuku, kwa hiyo yeye analala. Sisi wengine hatukulala. Kufika saa nane walikuwa wameshajitokeza watu wa .30-06, watu wa .458, na mmoja aliyeng'ang'ania kwamba gobole la babu yake linatosha kabisa.

Naandika kwa sababu kwa baadhi yetu swali hili si utani. Maliza digrii yako, bahatika kuajiriwa wilayani, halafu unaweza kukuta ofisi yenye bunduki moja tu inayofanya kazi. Hiyo hiyo ndiyo utakayoshika ukiitwa kwa fisi aliyevamia zizi, kwa kiboko aliyeingia mpungani, na kwa nyati aliyejeruhiwa na mtu ambaye hatajitaja. Ukipewa nafasi ya kuagiza mpya, itakuwa moja. Sasa uagize ipi?

Kwanza tuweke sawa tunachokisema. Digidigi ana kilo kama tano. Swala pala dume ana hamsini na kitu, sitini. Nyati dume anafika kilo 700 na zaidi, na pofu dume anaweza kumpita. Hapo sijamtaja tembo, na sijataja kanga wala kwale ambao wako angani. Hakuna fundi aliyewahi kutengeneza chombo kinachowafaa wote hao sawasawa. Hata Theodore Roosevelt, aliyeshuka Mombasa mwaka 1909 baada tu ya kumaliza urais wa Marekani, hakuja na bunduki moja. Alikuwa na Springfield ya .30-06, Winchester ya .405, bunduki nzito ya mitutu miwili kutoka kwa Holland & Holland ya London, na shotigani ya ndege. Yeye alikuwa na wapagazi wa kumbebea. Wewe una pikipiki, tena mafuta ya kubahatisha.

Gobole tuliondoe mapema. Linapakiwa mdomoni, linapiga mara moja, na hujui limeshindiliwa baruti kiasi gani wala ndani mna chuma gani. Wengi wanaolibeba hawana kibali cha silaha wala leseni ya kuwinda. Na mnyama anayejeruhiwa na gobole anabaki porini akimsubiri mtu mwingine.

Huyo mtu mwingine, kwetu, alikuwa baba mdogo.

Alikuwa askari wa wanyamapori wa kijiji, kusini, ukingoni mwa Selous. Nyati alipigwa na gobole na watu wasiojulikana, akakaa siku kadhaa kwenye vichaka karibu na njia ya wanawake ya kwenda kisimani. Kijiji kilikuwa na shotigani moja. Baba mdogo aliichukua na risasi za goroli, zile zenye goroli tisa za risasi nyeusi ndani ya ganda moja, akafuata damu. Nyati alitoka kichakani hatua kama kumi na tano. Alimpiga mara mbili, na mara zote mbili alimpata. Nyati hakusimama. Leo baba mdogo anatembea kwa gongo, mguu wa kushoto haukunji, na wale wenzake waliokuja baadaye na raifo wakamaliza kazi walizikuta goroli zake kwenye nyama ya bega, hazijafika hata kwenye mapafu. Nilipomuuliza kama ile bunduki ilikuwa mbovu alisema, "Haikuwa mbovu, mwanangu. Mimi ndiye niliyeipeleka pasipo pake."

Nilikuja kumwelewa mwaka wa pili, nikiwa na kikokotoo.

Tuanze na ile kanuni ya sekondari: nusu ya uzito mara kasi ya mraba. Kila goroli ya namna hiyo ina kama gramu 3.5 na inatoka kwa mita 400 kwa sekunde. Hiyo ni jouli 280. Zidisha kwa tisa, unapata zaidi ya 2,500, na mtu anaweza kudhani ana mzinga mkononi. Lakini nyati hapigwi na jumla. Anapigwa na goroli moja moja, kila moja ikitafuta njia yake kwenye ngozi nene, bega lililojaa misuli, na mbavu pana zilizokaribiana kama mbao za ubavu wa jahazi.

Tena nguvu peke yake haituambii kitu kitapenya kiasi gani. Chukua uzito wa kichwa cha risasi, ugawanye kwa eneo la duara lake. Goroli ya milimita 8.4 inabeba gramu 0.06 nyuma ya kila milimita ya mraba. Kichwa cha .375 chenye greni 300, yaani gramu 19.4, kinabeba gramu 0.27. Ni zaidi ya mara nne. Ni kama tofauti ya kumchoma mtu na kijiti cha kiberiti na kumchoma na msumari wa nchi sita: mkono ni ule ule, lakini mmoja unaingia na mwingine unavunjika.

Hesabu hiyo hiyo inatatua fumbo ambalo watu wa bunduki ndogo hupenda kulirusha mezani, fumbo la W.D.M. Bell. Huyu Mskoti, ambaye jina lake limeshikamana na Karamoja ya Uganda, aliua tembo zaidi ya elfu moja mwanzoni mwa karne ya 20, wengi wao kwa raifo ya 7x57, bunduki ambayo leo wengi wanaiona ni ya swala. "Mnaona?" anasema rafiki yangu wa hosteli. "Ukubwa wa nini?" Lakini ukikokotoa, kichwa kirefu cha gramu 11.2 chenye kipenyo cha milimita 7.2 kinatoa gramu 0.27 kwa milimita ya mraba, sawa na .375. Kikiwa kigumu, kimevikwa chuma mwili mzima, kinapenya. Kisichokuwa nacho ni akiba ya makosa. Bell alipasua fuvu la tembo kwa msumeno ili ajue ubongo umekaa wapi, na alipiga akijua. Mwenye mkono wa kawaida akikosea kwa upana wa kiganja, ile 7x57 haitamsaidia. Na tusidanganyane, hadithi za Bell tunazo kwa sababu alifika uzeeni. Waliomuiga wakakosea hawakuandika vitabu.

Sasa twende kwa wanaoshindania nafasi yenyewe.

.30-06 ilizaliwa jeshini Marekani mwaka 1906, na kwa swala, kongoni, ngiri na hata tandala sioni cha kuilaumu. Kichwa cha greni 180 kinatoka kwa mita 820 hivi kwa sekunde, kama jouli 3,900. Bunduki ni nyepesi, na teke lake mtu wa kawaida analizoea. Kama leseni yako haina nyati na kazi yako haikupeleki kwa nyati, nunua hii, usinisome zaidi.

Upande wa pili kuna .458 Winchester Magnum ya mwaka 1956. Greni 500, jouli 6,200 hivi. Hii ni bunduki ya kumzuia mnyama anayekujia. Ukimpiga nayo digidigi, utahitaji mfagio, na njia ya risasi yake ikizidi mita 150 inashuka vibaya.

Katikati ndiko aliko jibu langu: .375 H&H Magnum, iliyotolewa na Holland & Holland mwaka 1912. Sababu hazihusiani na sifa za jina. Ya kwanza, inakula vichwa vya uzito tofauti, greni 270 na 300 hasa, na bunduki nyingi za aina hii huvitua karibu mahali pamoja kwenye umbali wa kawaida wa kuwinda. Kwa hiyo asubuhi unaweza kubeba laini za 270 kwa swala na pofu, mchana ukaitwa kwa nyati ukabadilisha ngumu za 300 bila kuanza kurekebisha darubini upya. Ya pili, njia ya ile 270 haipishani sana na ya .30-06 mpaka mita 250. Ya tatu ilinishangaza nilipoisikia mara ya kwanza: kwa mnyama mdogo, risasi ngumu ya .375 huharibu nyama kidogo kuliko risasi laini ya bunduki ndogo yenye kasi. Haipasuki. Inatoboa tundu na kupita. Ya nne ni sheria: kwenye uwindaji wa kitalii hapa Tanzania, .375 ndicho kiwango cha chini kwa wanyama hatari. Ukishuka chini yake, swali la bunduki moja limeshajifunga lenyewe.

Kuna bei ya kulipa, na bei hiyo inalipwa na bega. Bunduki ya kilo nne na kidogo inayorusha gramu 19.4 kwa mita 770 kwa sekunde inakurudishia teke karibu mara mbili ya lile la .30-06. Kwenye mafunzo yetu ya kulenga niliona nimeiweza. Risasi tatu za kwanza zilikaa vizuri. Ya nne na ya tano zikaanza kutua chini, kushoto, nikailaumu darubini. Mkufunzi hakubishana. Alinipokonya bunduki, akaipakia mwenyewe akinipa mgongo, akanirudishia. Nikalenga, nikavuta kifyatulio, na hakuna kilicholia, kwa sababu ndani aliweka risasi bandia. Lakini mtutu ulichovya chini kama mtu anayesinzia kwenye muhadhara wa saa nane mchana, na macho nilikuwa nimeyafumba. Darasa zima liliona. Bunduki haikulia, ila mimi nilisharuka kabla.

Zoezi hilo fanyeni kabla ya kubishana kaliba. Mtu anayeiogopa .375 ni hatari zaidi akiwa nayo kuliko akiwa na .30-06 anayoiamini, maana atajeruhi. Tiba yenyewe ni ndogo: kitako kilichokatwa kulingana na mkono wako, mpira mzuri nyuma ya kitako, na risasi tano tano kwa siku badala ya ishirini za kujionesha. Kuna wasichana wawili darasani kwetu wanaolenga kutuzidi wote. Mmoja ana kilo hamsini na tatu, na anachofanya ni kuliacha bega lisukumwe, haliwekei ukuta.

Kuhusu muundo sitakaa sana. Ya mitutu miwili ni nzuri, inatoa risasi ya pili haraka, na bei yake ni ya kununulia nyumba. Chukua ya kukoki kwa mkono, yenye ukucha mpana wa mtindo wa Mauser unaoikamata risasi tangu inapotoka kwenye kasha, kwani ukikoki kwa kihoro haikwami kirahisi. Darubini iwe ya kukuza kidogo, na iwe inayotolewa haraka, chini yake pawe na vilengeo vya kawaida. Vumbi na pikipiki vitaiua darubini siku moja.

Jambo ambalo hosteli nzima tulilisahau ni risasi zenyewe. Zamani za Waingereza, askari wa wanyamapori wa Afrika Mashariki walibeba sana .404 Jeffery, raifo nzuri tu. Kisha katika miaka ya 1960 kampuni ya Kynoch ya Uingereza ikaacha kutengeneza risasi za namna hiyo, na bunduki nyingi nzima zikageuka mapambo ya ukutani. Kabla hujaandika kaliba kwenye fomu, nenda kwa muuzaji mwenye leseni ukamuulize ana nini rafuni leo, na mwaka jana alikuwa na nini. .375 inatengenezwa na viwanda vingi, Ulaya, Marekani na Afrika Kusini. Hiyo kwangu ina uzito kuliko jouli mia tatu za ziada.

Na kwale je? Hapo nakubali nimeshindwa. Ndege arukaye anataka shotigani yenye marisau madogo, ndani ya mita 35 au 40, na hakuna raifo itakayofanya kazi hiyo, tena kurusha risasi ya raifo juu angani ni kumtafutia mtu msiba kijiji cha pili. Bunduki moja yangu ni ya wenye miguu minne. Kanga nitaazima, au nitakula kuku.

Mwezi wa saba naenda mafunzo kwa vitendo katika ofisi moja ya wilaya, kusini. Nilipiga simu kujitambulisha, nikauliza wana silaha gani. Afisa akanijibu kwa upole, "Ipo .458 moja, kijana, na ni nzima." Nikauliza risasi. Akanyamaza kidogo, nikasikia droo inafunguliwa, akahesabu. Zilikuwa nne.