KICHWA CHA INJINI HAKICHAGULIWI KWA MNG'ARO

Mwaka huu naomba tuache kidogo vina na mizani, tuingie gereji. Wako wanaodai ati Kiswahili ni lugha ya mashairi na ya soko tu, na kwamba mambo ya injini yana lugha yake. Mimi nasema kitu usichoweza kukitaja huwezi kukiuliza, na usichokiuliza utauziwa kibovu. Somo letu basi ni kichwa cha silinda: namna ya kukichagua na namna ya kukifufua, katika gari kuukuu ambalo ni gari na nyumba papo hapo.

GARI LENYEWE

Gari hilo ni Volkswagen Kombi. Lilianza kuundwa Ujerumani mwaka 1950. Umbo la pili, lile lenye kioo kimoja kipana mbele, lilitoka mwaka 1967 na likaundwa huko hadi 1979. Kule Brazil Kombi ziliendelea kuundwa hadi Desemba 2013. Tangu 1951 kampuni ya Westfalia ilikuwa ikizitia baadhi yake vitanda, makabati na meza, mwenye gari akalala humo humo. Hapa kwetu wazee wanazikumbuka zaidi Kombi za kupeleka watalii mbugani, lakini za kulalia pia zipo, japo chache.

Mjomba wangu ni fundi, nami wakati wa likizo humsaidia. Likizo moja ya Agosti aliletewa Kombi ya kulalia ya mwaka 1975, injini ya sentimita za ujazo 1584. Injini ilikuwa haina nguvu, na mwenyewe alitaka kuwapeleka watoto wake Mombasa mwezi wa Desemba. Kwenda ni mteremko, lakini kurudi ni kupanda kutoka usawa wa bahari hadi Nairobi, zaidi ya mita 1,600 juu, na gari limebeba kitanda, maji, jiko na watu watano. Hapo ndipo kichwa kibovu hujulikana.

KICHWA NI NINI?

Injini ya Kombi ina silinda nne zilizolala, mbili kila upande. Kwa hiyo ina vichwa viwili, na kila kimoja hufunika silinda mbili. Ndani ya kichwa mna valvu za kuingiza hewa na petroli, valvu za kutolea moshi, na plagi. Kimeundwa kwa aluminiamu na kina mapezi mengi kama ya samaki, kwa sababu injini hii haipozwi kwa maji. Hupozwa na upepo wa feni unaopita katikati ya mapezi hayo. Isitoshe, silinda hukaa juu ya kichwa chuma kwa chuma, bila gasketi katikati. Pakipinda kidogo tu, moto hupenya.

VICHWA VITATU MEZANI

Tulipofungua tulikuta kichwa cha kushoto kina ufa baina ya kiti cha valvu na tundu la plagi, kwenye silinda ya 3. Cha kulia kilikuwa kichafu, cheusi tititi kwa masizi, na valvu zake zilicheza. Mwenye gari hakuwa na subira. Siku ya pili alikuja na mwuzaji wa vipuri aliyebeba vichwa viwili vilivyokwisha tumika, vimepigwa mchanga vikang'aa kama sufuria ya harusi.

"Fundi, hii maneno ya kupima-pima ni ya nini?" akasema yule mwuzaji. "Funga hizi, kesho mzee aendeshe."

Wahenga walisema mchagua nazi hupata koroma. Kwa vichwa vya injini mambo ni kinyume: anayepata koroma ni yule asiyechagua. Mjomba hakubishana. Alivipanga mezani vichwa vya mwuzaji na kile cheusi cha kulia, akasema tuvipime vyote sawasawa. Haya ndiyo tuliyoyatazama.

(a) Je, kinaingiana na injini? Tangu modeli za 1971 vichwa vya 1600 vina njia mbili za kuingizia hewa, moja kwa kila silinda. Vya zamani vina njia moja inayogawanyika ndani. Mabomba yake hayabadilishani. Vilevile kuna injini zenye stadi za milimita 10 na zenye stadi za milimita 8. Yetu ilikuwa ya milimita 8.

(b) Kina ufa? Ufa mwembamba hauonekani kwa macho. Kichwa husafishwa, hupuliziwa rangi nyekundu yenye kupenya, huachwa kidogo, kisha hufutwa na kupuliziwa unga mweupe. Palipo na ufa, rangi hujitokeza kama mstari wa damu. Vichwa vya mwuzaji havikuwa na ufa, na kile cheusi cha kulia hakikuwa nao pia.

(c) Mwongozo wa valvu umelika? Huu ni mrija ambamo mti wa valvu hupanda na kushuka. Kwa sauti ya Kiingereza ungeitwa "gaidi", nami siwezi kuuita hivyo kwa kuwa gaidi tunamjua. Valvu huinuliwa kidogo, kisha hutikiswa huku na huku. Ikicheza kupita milimita 0.8, mwongozo umekwisha. Cheusi kilikuwa kimepita.

(d) Kimekatwa mara ngapi? Swali hili ndilo watu wasilouliza. Mahali silinda inapokaa pakiharibika, kichwa hupelekwa mashini kikachongwa. Kila kinapochongwa, silinda huzama zaidi na chumba cha kuchomea hupungua. Mng'aro hauwezi kukuambia hilo.

HESABU YA BOMBA LA SINDANO

Wenzangu mnaouliza Hisabati itatufaa wapi, sogeeni hapa. Tulikata duara la plastiki ngumu inayopitisha mwanga, tukalitoboa tundu dogo, tukalipaka grisi ukingoni na kulikalisha mahali pa silinda. Valvu na plagi zikiwa ndani, tulijaza mafuta ya taa kwa bomba la sindano lenye alama za mililita, tukihesabu mpaka chumba kikajaa.

Kichwa cheusi kilichukua mililita 51. Vile vinavyong'aa vilichukua 45.

Sasa tazama. Injini ya sentimita 1584 ukiigawa kwa nne, kila silinda ina 396. Katika injini yetu, pistoni ikifika juu kabisa hubaki upenyo wa mililita 10 hivi juu yake. Ukiongeza na 51 za chumba, nafasi yote ni 61. Uwiano wa mgandamizo hupatikana hivi:

(396 + 61) ÷ 61 = 7.5

Kiwandani Kombi hii ilipewa uwiano huo huo, 7.5 kwa 1. Kwa vichwa vya mwuzaji nafasi yote ni 55:

(396 + 55) ÷ 55 = 8.2

Kipenyo cha silinda ni milimita 85.5, kwa hiyo milimita 1 tu ya kuchongwa hula mililita 5.7 hivi. Kumbe vichwa vile vilikuwa vimekatwa kama milimita 1 nzima! Uwiano wa 8.2 si dhambi katika gari jepesi lililorekebishwa vizuri. Lakini Kombi nzito inayopanda mlima polepole kwenye joto la Tsavo huanza kugonga, joto huzidi, na kichwa cha valvu kinaweza kukatika kikaangukia pistoni. Hapo injini haitengenezwi tena, inaokotwa vipande.

Mwenye gari alinitazama. "Wewe binti, una hakika na hesabu hiyo?"

"Tuipime tena ukiona, mzee," nikamjibu.

Tulipima mara ya pili mbele yake na mbele ya mwuzaji. Ikaja 45 vilevile. Mwuzaji alibeba vichwa vyake, na sitasema alikuwa mwongo. Inawezekana naye aliuziwa mng'aro.

KUFUFUA

Uamuzi ulikuwa huu: upande wa kushoto kinunuliwe kichwa kipya, kwa maana ufa uliofika kwenye tundu la plagi si wa kubahatisha, cha kulia kifufuliwe. Kipya nacho kilipimwa, kikatoa 51. Upande mmoja ukigandamiza zaidi ya mwingine, injini hutetema na upande mmoja hubeba mzigo wa wote.

Kazi ya kufufua ilikwenda hivi:

1. Miongozo ya zamani ilitolewa ikatiwa mipya ya shaba nyeusi.

2. Viti vya valvu vilichongwa upya kwa pembe ya digrii 45. Kiti cha valvu ya kuingiza kina upana wa milimita 1.3 hadi 1.6, na cha valvu ya moshi 1.7 hadi 2.0. Kwa nini cha moshi ni kipana? Kwa sababu valvu hiyo huungua, na wakati wa kutoa joto lake ni pale inapokalia kiti.

3. Valvu za moshi zilinunuliwa mpya. Mjomba hazirudishi za zamani hata zikiwa nzuri kwa macho, maana chuma kilichochoka hakisemi.

4. Kila valvu ilisagwa kwa pesti kwenye kiti chake, ikafutwa, kisha tukamimina mafuta ya taa chumbani na kungoja. Hayakupenya hata tone.

5. Nati zilikazwa kwa hatua mbili kwa spana ya kupimia nguvu. Kwa stadi za milimita 8 mwisho wake ni nyutoni-mita 25. Zile za milimita 10 ni 32. Usikaze kwa hasira, aluminiamu haina ugomvi na wewe.

6. Nafasi ya valvu iliwekwa milimita 0.15 injini ikiwa baridi kabisa.

Kuna wanaohofu kwamba gari kuukuu haliwezi petroli isiyo na risasi. Kenya iliacha petroli ya risasi kufikia mwanzo wa 2006, na mwaka 2021 Shirika la Mazingira la Umoja wa Mataifa, lenye makao Nairobi, lilitangaza kwamba duniani kote haiuzwi tena kwa magari. Risasi ilikinga viti vya valvu vilivyochongwa moja kwa moja katika kichwa cha chuma laini. Vichwa vya Kombi ni vya aluminiamu, na viti vyake ni pete za chuma kigumu zilizopachikwa. Kwa hiyo hofu hiyo haituhusu.

FUNZO

Kombi ilikwenda Mombasa ikarudi. Januari tulipofungua vifuniko na kutia filageji, nafasi zote zilikuwa bado 0.15. Hilo ni jambo la kufurahia, kwa sababu nafasi ya valvu ya moshi ikizidi kupungua kila ukiipima, huenda valvu inarefuka kwa joto na iko njiani kukatika. Mwenye Kombi ashike geji kila kilomita 5,000, asingoje kelele.

Waama, vyote ving'aavyo si dhahabu. Kitu ambacho maisha ya watu yamekikalia hupimwa, hata kama anayepima ni mtoto wa shule na chombo chake ni bomba la sindano.

MSAMIATI

Kichwa cha silinda: kifuniko cha juu cha silinda chenye valvu na plagi.
Mwongozo wa valvu: mrija unaoushika mti wa valvu.
Uwiano wa mgandamizo: ukubwa wa nafasi pistoni ikiwa chini, ukigawanywa kwa ukubwa wake pistoni ikiwa juu.
Kufufua: kurudisha kitu katika vipimo vyake, si kukipaka rangi.

MASWALI

1. Kwa nini kiti cha valvu ya moshi ni kipana kuliko cha valvu ya kuingiza?
2. Eleza namna ya kutambua ufa usioonekana kwa macho.
3. Kichwa kimoja kimechukua mililita 48. Ikiwa upenyo juu ya pistoni ni mililita 10, tafuta uwiano wa mgandamizo, kisha useme kama ungekifunga katika Kombi ya kulalia.

Atakayemaliza la tatu anionyeshe hesabu yake, tusahihishane.