Somo la Kamati za Usharika: Ulevi Hauji Peke Yake

Andiko la kusoma: Mithali 23:29–35



Katika bajeti za miradi tumezoea kuweka semina ya UKIMWI kwenye fungu moja na semina ya dawa za kulevya kwenye fungu jingine. Kijana mwenyewe hagawanyiki hivyo. Somo hili linaeleza jinsi ulevi unavyofungamana na hatari nyingine za afya ya vijana, kwa mfano wa Makangale, Wilaya ya Micheweni, kaskazini mwa Pemba.

1. Mazingira

Makangale ni shehia ya wavuvi na wakulima, jirani na msitu wa Ngezi na ufukwe wa Vumawimbi. Wakazi wengi sana ni Waislamu, na pombe haionekani hadharani. Hilo lisitufanye tudhani hakuna hatari. Kijana wa pwani huanza kuvua mapema. Akienda dago, yaani kambi ya wavuvi mbali na nyumbani, hulala pamoja na watu wazima, hupata fedha mkononi, na mzazi hayupo wa kumuuliza. Hapo sigara ya kwanza huwa rahisi, na baada yake bangi. Wapo wanaochanganya bangi na unga (heroini), mchanganyiko unaoitwa kokteli.

2. Jinsi hatari zinavyofungamana

(a) Kupima hatari. Sehemu ya ubongo inayomwezesha mtu kujizuia haikomai kabla ya miaka ishirini na kitu. Kilevi huidhoofisha zaidi. Ndiyo maana ulevi hufuatana na ngono bila kinga, ugomvi na ajali za barabarani na baharini.

(b) Fedha. Aliyekwisha kuwa mraibu anahitaji kete kila siku. Mwenye kukosa fedha huweza kuiba, na wengine, wavulana kwa wasichana, hutoa miili yao.

(c) Sindano. Heroini iliingia Zanzibar miaka ya 1980. Utafiti wa mwaka 2007 kisiwani Unguja ulikuta VVU kwa asilimia 16 ya wanaojidunga, na ule wa mwaka 2012 asilimia 11.3, wakati katika jamii yote ya Zanzibar kiwango kilikuwa chini ya asilimia 1. Sindano ya kuchangia hueneza pia homa ya ini aina ya B na C.

3. Tahadhari

Mambo mawili kwenda pamoja si lazima moja lizae jingine. Kipigo nyumbani, kuacha shule na upweke huweza kuzaa ulevi na ngono ya mapema kwa wakati mmoja. Tukipiga marufuku sigara tu, mzizi unabaki. Tukumbuke pia kwamba tafiti za wanafunzi, kama uliofanyika Dar es Salaam mwaka 2006, huuliza waliomo darasani. Kijana aliye dago hahesabiwi, na huenda ndiye anayehitaji msaada zaidi.

4. Aibu na matibabu

Mwandishi wa Mithali anayataja majeraha, ugomvi, tamaa na hatari ya bahari kwa pamoja, na mwisho anamwonesha mlevi akikitafuta kileo tena. Huo ni ugonjwa unaoshika. Kijana anayefukuzwa nyumbani au kutangazwa mbele ya watu haachi. Anajificha, na mafichoni ndiko sindano huchangiwa.

Tiba ya methadoni ilianza Muhimbili mwaka 2011, na Kidongo Chekundu, Unguja, mwaka 2015. Dawa hunywewa kila siku mbele ya mhudumu. Kwa mtu wa Makangale, kituo hicho kiko ng'ambo ya bahari. Nauli na mahali pa kulala ni sehemu ya tiba, na zisipowekwa kwenye bajeti, rufaa inabaki karatasi.

5. Tunachopendekeza

- Semina za UKIMWI na dawa za kulevya ziwe mpango mmoja.
- Kazi ifanyike pamoja na sheha, maimamu, walimu wa madrasa na manahodha. Pemba sisi ni wachache, na watoto ni wa jamii nzima.
- Vijana wafuatwe bandarini na maskani, si shuleni tu.
- Siri ya kijana itunzwe.
- Fungu la nauli ya matibabu litengwe.

Maswali ya majadiliano

1. Katika eneo letu, kijana hupata wapi sigara yake ya kwanza, na nani yupo hapo?
2. Kijana akituambia leo kwamba anatumia unga, tutamwambia nini kwanza?
3. Ni vijana gani ambao semina zetu hazijawahi kuwafikia?

Tuombe: Bwana, utupe macho ya kuwaona waliojificha, na subira ya kukaa nao. Amina.