MALI YA MWENZIO
Somo juu ya Jicho, Ulimi na Mkono

Kwa jina la Mwenyezi Mungu, Mwingi wa Rehema, Mwenye Kurehemu. Sifa njema zote ni zake Yeye agawaye riziki kwa hikima yake, na sala na salamu zimfikie Mtume wetu Muhammad, na jamaa zake, na masahaba zake.

Amma baad. Watu huuliza sana khabari za udhu na rakaa iliyosahauliwa, na kuuliza huko ni kwema. Lakini ni wachache waulizao: Ni ipi adabu ya Muislamu mbele ya mali ya mwenziwe? Na hali jambo hili humkabili mtu kila siku. Mtu atokaye Ilala akapita Mchikichini, penye soko la Karume na marobota yake ya mitumba, kisha akashika njia ya Kariakoo, huwa amekwisha pita mbele ya mali za maelfu ya watu kabla hajafika Msimbazi. Jicho lake limeona, ulimi wake pengine umesema, na mkono wake pengine umegusa. Katika kila kimoja cha vitatu hivi ipo hukumu, na ipo hisabu siku ya Kiama.

ASILI YA JAMBO

Mtume (S.A.W.) alipowahutubia watu katika Hija yake ya kuaga, mwaka wa 10 wa Hijra, alitaja kuwa damu za watu na mali zao na heshima zao ni haramu baina yao, akazifananisha na uharamu wa siku ile, na mwezi ule, na mji ule. Basi na azingatie mwenye akili: mali imetajwa pamoja na damu. Mtu awezaye kutetemeka akiona damu ya mwenziwe imemwagika, ana haki ya kutetemeka vile vile akiona shilingi ya mwenziwe imeingia mfukoni mwake bila ya ridhaa.

Na katika Sura ya An-Nisaa, aya ya 29, Mwenyezi Mungu amekataza watu kuliana mali zao kwa njia ya batili, akahalalisha biashara ya kuridhiana. Na katika aya ya 32 ya sura hiyo hiyo amekataza mtu kutamani kile ambacho Mungu amewafadhili wengine, akaamrisha watu wamwombe Yeye katika fadhila zake. Aya ya kwanza inazuia mkono, na ya pili inazuia moyo. Wengi wameishika ile ya kwanza wakaisahau ya pili, wakadhani kuwa asiyeiba amekwisha salimika.

JICHO

Ugonjwa wa jicho ni hasadi. Na hasadi, walivyoeleza maulamaa, ni kutamani neema ya mwenzio iondoke, hata kama hutaipata wewe. Ama kutamani upate mfano wa neema ile bila ya kumwondokea mwenyewe, hiyo huitwa ghibta, wala haina ubaya ikiwa ni katika jambo la kheri. Mtume (S.A.W.) amewataja watu wawili wanaostahiki kutamaniwa hali zao: aliyepewa mali naye akaitoa katika haki, na aliyepewa hikima naye akahukumu kwayo na kuifundisha.

Kisa cha Karuni katika Sura ya Al-Qasas ni darasa kubwa. Siku ile alipowatokea watu wake na mapambo yake, waliokuwa wakitaka maisha ya dunia walitamani wangekuwa na mfano wa alichopewa. Ardhi ilipommeza yeye na nyumba yake, wale wale waliotamani jana wakashukuru kuwa hawakupewa. Mwenye kutamani mali ya mtu huona nguo asione donda lililofunikwa. Haoni deni, wala haoni hisabu inayomngoja mwenyewe.

Na mali yenyewe ni kitu cha kuazimwa. Soko kuu la Kariakoo liliungua tarehe 10 Julai 2021. Tarehe 16 Januari 2022 likaungua soko la Karume, hapa hapa Mchikichini, na wafanya biashara wengi wakaamka wakakuta mitaji yao ni majivu. Mtu aliyekuwa akimhusudu mwenye kibanda siku ya Jumamosi, je, Jumapili asubuhi alimhusudu nini?

Tena kuna hasadi iliyovaa kanzu ya kujikinga. Mfanya biashara akiona fedha zake hazikai, humtazama jirani yake ambaye duka lake limejaa wateja, akasema: huyu ana chuma ulete, anazivuta fedha zangu kwa uganga. Wala hana ushahidi ila kuwa mwenziwe amepata naye amekosa. Pengine mwenziwe huamka alfajiri naye huamka jua limekwisha panda. Mwenziwe huandika hisabu zake naye hula mtaji. Hasemi haya, kwani yakisemwa yatamlazimu abadili mwenendo wake. Basi amemzulia Muislamu mwenziwe uchawi, na uchawi ni katika madhambi yenye kuangamiza, ili yeye asijilaumu kwa uvivu. Hii ni dhulma juu ya dhulma.

ULIMI

Ugonjwa wa ulimi ni kuzihesabu fedha za watu barazani. "Fulani ana kiasi kadha; nyumba ile ameijenga kwa kitu gani? Mshahara wake twaujua." Katika Sura ya Al-Hujurat, aya ya 12, Mwenyezi Mungu amekataza dhana nyingi, na kupelelezana, na kusengenyana. Na mazungumzo haya ya barazani yanakusanya yote matatu katika kikao kimoja: huanza kwa dhana, hufuata upelelezi, na mwisho wake ni kusengenya.

Wazee wa Dar es Salaam wanaukumbuka mwaka 1983. Serikali iliazimia kuwakamata walanguzi na wahujumu uchumi, wakati ambapo sabuni, sukari na nguo zilikuwa adimu madukani. Hapana shaka kuwa walikuwapo wafichao bidhaa ili bei ipande, na kuhodhi chakula cha watu ni jambo ambalo sheria ya Kiislamu imelikataza. Lakini hofu iliyoenea ilikuwa kubwa hata watu wakatupa bidhaa na fedha usiku, wakaogopa kuonekana na kitu kuliko walivyoogopa kukikosa. Wakati kama huo neno moja la jirani latosha kumtia mtu mashakani. Basi na ajiulize mwenye kusema: ninalisema neno hili kwa kutaka haki, au kwa kuwa nyumba ya fulani ina bati jipya na yangu inavuja? Mwenye haki hutoa ushahidi wa alichokiona kwa macho yake, na mwenye hasadi hutoa ushahidi wa kile kilichomuuma.

MKONO

Ugonjwa wa mkono ni khiana. Na khiana si wizi wa kuvunja mlango tu. Iliyo nyingi hufanywa na mtu aliyeaminiwa.

Mtume (S.A.W.) alipohama Makka kwenda Madina, mwaka 622, makureshi walikuwa wamekula njama ya kumwua. Na juu ya uadui huo, amana zao walikuwa wameziweka kwake, kwa kuwa hawakupata mwaminifu kama yeye. Basi alimwacha Sayyidna Ali nyuma ili amrejeshee kila mwenye amana amana yake. Hakusema: hawa ni maadui, mali yao ni halali yangu. Ikiwa amana ya adui hurejeshwa, basi ya ndugu je?

Na jina la Kariakoo lenyewe ni ukumbusho wa amana isiyorejeshwa. Katika vita vya mwaka 1914 hata 1918, Waingereza waliwakusanya mamia ya maelfu ya wapagazi, na jeshi lao la wapagazi likaitwa Carrier Corps. Walipoitwaa Dar es Salaam mwaka 1916, jengo la soko walilolijenga Wajerumani likafanywa makao ya wapagazi hao, na kwa ndimi za watu jina likawa Kariakoo. Makumi ya maelfu ya wapagazi walikufa, na waliouawa na maradhi na uchovu walikuwa wengi kuliko waliouawa na risasi. Majina ya wengi hayakuandikwa sawasawa, na ujira wa wengi katika waliokufa haukuwafikia warithi wao. Walibeba mizigo, wakafa, na fedha zao zikabaki kwa aliyewabebesha.

Kila asomaye khabari hii husema kuwa ni dhulma, naye amesema kweli. Lakini na atazame nyumbani. Ni mayatima wangapi ambao ami yao ameishika nyumba ya marehemu, akila kodi yake mwaka baada ya mwaka, na huku akisema anawatunzia? Ni washika fedha wangapi wa mchezo wa upatu waliozitumia kwa haja zao, zamu ya mwenziwao ilipofika wakaanza kutoa nyudhuru? Ni wangapi waliokopa hali nia ya kulipa hawana, kwa kuwa aliyewakopesha "anazo"? Mtume (S.A.W.) aliletewa jeneza la mtu mwenye deni asiyeacha cha kulilipia, akawaambia masahaba wamsalie wao, hakumsalia mpaka Abu Katada alipojidhamini kulilipa. Wala haikuulizwa kama mdai ni tajiri au maskini.

Na amana iliyo karibu zaidi kuliko zote ni ile iliyo ndani ya chumba. Mke auzaye vitumbua au mitumba, aliyetia akiba yake katika kibubu au kwa wakala wa fedha za simu, akiba hiyo ni yake. Ndoa haikuihamisha. Aya ya 4 ya Sura ya An-Nisaa imeruhusu mume kula katika mahari ya mkewe ikiwa mwenyewe mke ametoa kwa kuridhika nafsi yake. Na ikiwa hiyo mahari iliyotoka mkononi mwa mume mwenyewe haliwi ila kwa ridhaa, basi jasho la mke litaliwaje bila ya ridhaa? Mume avunjaye kibubu cha mkewe usiku, akasema "mimi ndiye kichwa cha nyumba," amejivika ukubwa ili asiitwe jina lake.

HAKI ILIYOMO NDANI YA MALI

Pengine mwenye mali atafurahi kwa haya yote, akadhani kuwa somo ni lake na la kuwakemea wengine. La. Sura ya Al-Maarij imetaja kuwa katika mali za watu wema imo haki maalumu ya aombaye na ya aliyenyimwa. Mali iliyofikia nisabu, nayo kwa dhahabu ni kama gramu 85, ikapitiwa na mwaka, robo ya fungu la kumi yake, yaani shilingi 25 katika kila 1,000, si yake tena bali ni ya fakiri na wengineo waliotajwa. Akiizuia, basi naye amekuwa ni mtu aliyeushika mkono wake juu ya mali ya mwenziwe. Lakini fakiri hana ruhusa ya kuichukua haki hiyo kwa hila wala kwa matusi, na tajiri hana ruhusa ya kuitoa kwa masimango.

MFANO WA KUFUATWA

Masahaba walipofika Madina hawana kitu, Mtume (S.A.W.) aliunga udugu baina ya Abdurrahman bin Auf, aliyetoka Makka, na Saad bin Rabia, aliyekuwa katika matajiri wa Madina. Saad akamtolea nusu ya mali yake yote. Abdurrahman hakuipokea. Alimwombea Saad baraka katika watu wake na mali yake, kisha akaomba aelekezwe lilipo soko. Akaenda, akauza na kununua samli na jibini, na haikupita muda mrefu akaoa kwa mahari ya dhahabu.

Hapa dawa ya magonjwa yote matatu imekusanyika. Jicho lake liliiona mali ya mwenziwe, asiitamani. Ulimi wake uliitaja, kwa kuiombea baraka. Na mkono wake ulipewa, ukachagua kazi. Na Saad naye asisahauliwe: tajiri aliyetoa kabla ya kuombwa, hata maskini hakupata nafasi ya kumhusudu.

MASUALA NA MAJIBU

Suala: Mtu akiona mali ya mwenziwe ikampendeza, afanyeje?
Jibu: Amwombee baraka hapo hapo, kisha amwombe Mungu fadhila zake, na atazame waliopungukiwa kuliko yeye.

Suala: Hasadi ikimjia moyoni bila ya kuitaka?
Jibu: Asiifuate kwa neno wala kwa tendo. Na ajilazimishe kumtendea wema yule anayemhusudu, mpaka moyo utii.

Suala: Je, mke aweza kuchukua katika mali ya mumewe?
Jibu: Mume akiwa bakhili, Mtume (S.A.W.) alimruhusu Hind, mke wa Abu Sufyani, achukue kiasi cha kumtosha yeye na watoto wake kwa desturi njema. Zaidi ya hapo ni kwa ridhaa.

Suala: Aliyekwisha kula mali ya mtu, je, istighfari yamtosha?
Jibu: Haimtoshi. Toba yake haitimii ila airejeshe kwa mwenyewe au kwa warithi wake. Asiyeweza leo, na akiri deni, aombe muda, na aandike wasia.

Ndugu msomaji, kabla ya kulikunja karatasi hili, ikumbuke mali moja ya mtu iliyo mkononi mwako. Hapana nyumba isiyo nayo. Irejeshe kabla ya Ijumaa ijayo, kwani kesho si ya mtu.

Mwenyezi Mungu azitakase nyoyo zetu na hasadi, na ndimi zetu na masengenyo, na mikono yetu na khiana, na atutosheleze kwa halali yake. Amin. Wallahu aalam.