Mgomba wa Tishu Darasani: Kutoka Kichupani hadi Kwenye Mkungu

Somo la uzazi wa mimea usiotumia mbegu huishia mara nyingi ubaoni. Madhumuni ya makala haya ni kumwonyesha mwalimu mwanafunzi jinsi ya kulifundisha kwa mgomba uliokuzwa kwa njia ya tishu, na kumtahadharisha na kosa ambalo mimi mwenyewe nililitenda.

Migomba tuilayo ndizi haina mbegu za kuotesha. Mkulima hutegemea machipukizi, nayo ni machache, tena huweza kubeba fukusi na minyoo ya mizizi kutoka shamba hadi shamba. Maabara hufuata njia nyingine. Ncha changa ya chipukizi hukatwa, husafishwa kwa dawa, kisha huwekwa katika kichupa chenye agari, madini, sukari na vichocheo vya ukuaji. Ikichipua hugawanywa na kuoteshwa tena na tena, hata ncha moja huweza kuzaa mamia ya miche. Ila ikumbukwe kwamba dawa hiyo haiui virusi vilivyomo ndani ya mmea. Kwa hiyo mgomba mama hauna budi kupimwa kwanza.

Mwaka wangu wa pili kazini nilipata miche 20 iliyotolewa vichupani siku chache tu zilizopita. Niliipanda pamoja na darasa la tano, asubuhi ya jua kali. Wiki moja baadaye ilibaki 3. Mtoto mmoja akasema, "Mwalimu, migomba ya dawa haina nguvu." Sikuwa na jibu. Nilikuwa nimewafundisha usafi wa mche, nikanyamaza kuhusu udhaifu wake.

Kichupani mche huishi katika hewa yenye unyevu mwingi na hulishwa sukari. Jani lake lina nta haba, na stomata zake hazijazoea kujifunga ili kuzuia maji yasipotee. Tena hauna tunguu kubwa lenye akiba kama lile la chipukizi. Ndiyo maana huzoeshwa kwanza: majuma kadhaa katika kivuli kizito na unyevu, kisha kivuli kikipunguzwa kidogo kidogo. Hupelekwa shambani ufikapo kimo cha sentimeta 30 hivi, mvua zinapoanza, katika shimo lenye samadi iliyooza, na kufunikwa matandazo.

Jambo hili watoto waone kwa macho yao. Chukua miche miwili ya kitalu ambayo bado haijazoeshwa. Mmoja ufunike kwa mfuko wa plastiki unaoonyesha ndani, uuweke kivulini. Wa pili uache juani. Kabla ya kengele ya mwisho waulize wameona nini, wala usiwatangulie kwa jibu. Kupoteza mche mmoja kwa njia hii si hasara.

Panda pia machipukizi machache ya aina ileile kando ya miche hiyo, ili ulinganifu uwepo. Taabu kubwa ni muda: mkungu huenda ukachukua mwaka mzima au zaidi, hasa nyanda za juu zenye baridi, na mazoezi ya kufundisha hayadumu hivyo. Basi anzisha daftari la mgomba litakalorithiwa na darasa linalofuata. Kila mwanzo wa mwezi watoto wafunge uzi kwenye jani jipya kabisa, wahesabu yaliyoongezeka, na kuandika.

Tumba la rangi ya damu ya mzee litakapojitokeza, waulize lilitoka wapi. Wengi watasema juu. Kata shina la mgomba uliokwisha vunwa, uwaonyeshe: ua huanzia chini kwenye tunguu, likapanda katikati ya mashina ya majani. Maua ya kwanza, ambayo ni ya kike, ndiyo yawayo ndizi. Ya kiume hufuata nchani.

Wahesabu chane za kila mkungu, wa tishu na wa chipukizi. Ukiwapo mgomba uliodumaa au wenye majani tofauti na wenzake, usiung'oe haraka. Miche michache ya tishu hubadilika hivyo, na daftari litakuwa limekwisha kuonyesha ulianza mwezi gani.