Fahali Akikimbia, Mwenye Fahali Abaki Nani?

Maswali ya wasomaji wa Kakamega kuhusu nafsi na kujithamini, pamoja na majibu ya mwandishi wetu wa saikolojia.

Swali: Nafsi yenye afya ni ipi? Anayejiamini na anayejiona wote hutembea kifua mbele.

Kwa kutazama kifua hutawatofautisha. Watazame siku ya kushindwa. Katika kitabu alichokitoa mwaka 1923, Sigmund Freud aliieleza nafsi kama mpatanishi: huku inavutwa na tamaa, huku inakemewa na dhamiri, na mbele yake ipo dunia isiyombembeleza mtu. Mengi ya Freud yameachwa, lakini wazo hilo la upatanishi bado lina kazi. Nafsi yenye afya humwezesha mtu kulikubali jambo chungu linalomhusu bila kulikana na bila kuvunjika. Mwenye majivuno hulikana: kosa lilikuwa la mwamuzi, la majirani wenye wivu, la uchawi. Anayejidunisha huvunjika: amekosea hesabu moja, basi amejihukumu kuwa mjinga wa kuzaliwa. Wote wawili hawapati cha kujifunza. Kwa hiyo sitauliza mtu anajithamini kiasi gani. Nitauliza kujithamini kwake kumeegemea nini.

Swali: Hapa kwetu mtu huheshimiwa kwa alicho nacho. Aegemee nini kingine?

Chukua mchezo wa fahali wa Waisukha na Waidakho, kule Khayega na Malinya. Asubuhi na mapema fahali huletwa na umati, ngoma za isukuti zikirindima na pembe zikilia, jina lake likitajwa pamoja na la mwenyewe. Pigano lenyewe laweza kuwa fupi: vichwa vinagongana, wanasukumana, mmoja anageuka na kutimua mbio, basi yamekwisha. Umati humfuata mshindi, ngoma nazo humfuata mshindi. Sioni ubaya katika shangwe hiyo. Ngoma ya isukuti iliingizwa na UNESCO mwaka 2014 katika orodha ya urithi unaohitaji kulindwa kwa haraka, na ilistahili. Ila wenye fahali ni wa aina mbili. Yupo ambaye fahali akikimbia, amekimbia fahali. Na yupo ambaye fahali akikimbia, amekimbia yeye.

Huyu wa pili amechunguzwa sana. Mwaka 2001 Jennifer Crocker na Connie Wolfe wa Marekani waliorodhesha mambo ambayo watu hutundikia thamani yao: sifa za wengine, sura, kushinda, alama za masomo, jamaa, uadilifu na upendo wa Mungu. Utafiti uliofuata ulionyesha kwamba wanaotegemea mambo ya nje, kama vile sura na sifa, hupanda na kushuka kila siku na huelemewa zaidi na mfadhaiko. Jambo lenyewe si la kushangaza, lakini tazama lilivyo zito likimpata mtu mzima. Kiwanda cha sukari cha Mumias kilianza kazi mwaka 1973, na kwa miongo kadhaa kuajiriwa pale kulimpa mtu mshahara pamoja na cheo kijijini, kwenye harusi, matangani na mbele ya wakwe. Septemba 2019 kampuni iliwekwa chini ya mrasimu. Aliyekuwa pia mwimbaji wa kanisa, mweka hazina wa chama, baba anayesikilizwa na fundi wa kuaminika, alipoteza kazi. Ambaye hakuwa na jina jingine ila lile la kiwandani, alipoteza kazi na akajipoteza mwenyewe. Wala sisemi shida ya Mumias ilikuwa ya nafsi tu. Karo hailipwi wala njaa haiondolewi kwa kujithamini, na anayewaambia wakulima wa miwa ambao hawakulipwa kwamba wajipende zaidi anawakejeli.

Swali: Wahenga walisema mgema akisifiwa tembo hulitia maji. Tukimsifu mtoto, si tutamlea mwenye kiburi?

Inategemea unasifu nini. Eddie Brummelman na wenzake waliwafuatilia watoto 565 wa Uholanzi, wenye umri wa miaka 7 hadi 11, pamoja na wazazi wao, na matokeo yakachapishwa mwaka 2015. Watoto ambao wazazi wao waliwaona kuwa bora kuliko wengine waliongezeka majivuno kadiri muda ulivyopita. Walioonyeshwa upendo na wazazi wao waliongezeka kujithamini. Kiburi na kujithamini vilitoka kwenye malezi mawili tofauti, kwa hiyo kiburi hakiwezi kuwa kujithamini kulikozidi kipimo. Mgema wa methali aliharibiwa na sifa alizopewa yeye badala ya tembo lake. Mwambie mtoto, “Insha hii umeipanga vizuri, ila mwisho umeuharakisha,” naye ataandika tena. Mwambie kwamba hana mfano wake darasani, na siku atakapompata mwenye mfano wake atamchukia.

Wapo watakaosema walilelewa kwa fimbo na dharau na wamefika. Wamefika, ndiyo. Ila walioishia njiani hawapo kwenye hesabu yao.

Swali: Mambo ya nafsi si ya Wazungu? Kwetu mtu ni watu.

Hoja hii ni nzito kuliko zote, na ina mwanafalsafa wake. John Mbiti, mzaliwa wa Kitui, alieleza mwaka 1969 jinsi mtu wa Afrika anavyojitambua kupitia jamii yake. Nakubaliana naye, na sioni kama inafuata kwamba nafsi ya mtu mmoja haina uzito. Watu wanaomshika mtu ndio humpa nafsi ya kusimama nayo. Taabu huanza pale ukoo unapogeuka kuwa umati wa uwanjani, unaomfuata mshindi tu. Mtoto aliyepata D kwenye KCSE, mtihani wa kumaliza sekondari, na kuona jamaa wakinyamaza anapoingia sebuleni hajakosa jamii. Jamii anayo, nayo imemkadiria kwa herufi moja. Halafu kuna ushahidi: David Schmitt na Jüri Allik walitumia maswali kumi ya Morris Rosenberg ya mwaka 1965 katika mataifa 53 na lugha 28, na mwaka 2005 wakaripoti kwamba katika kila taifa wastani ulikuwa juu ya nusu ya kipimo. Viwango vilitofautiana, lakini hakuna taifa ambalo watu wake, kwa wastani, walijiona hawafai.

Swali: Je, kujithamini kunasaidia kweli, au ni maneno matamu ya semina?

Semina nyingi ni maneno matamu. Jimbo la California liliunda jopo kazi la kukuza kujithamini mwaka 1986, likitarajia kupunguza uhalifu na kufeli shuleni. Roy Baumeister na wenzake walipokagua tafiti mwaka 2003 hawakuona kwamba kumpandisha mwanafunzi kujithamini kunampandisha alama. Mara nyingi alama nzuri ndizo hutangulia. Waliona, hata hivyo, kwamba wanaojithamini wana furaha zaidi na huvumilia zaidi baada ya kushindwa. Miaka kumi baadaye Julia Sowislo na Ulrich Orth waliunganisha tafiti 77 zilizofuatilia watu kwa muda, wakakuta kujidharau kunatabiri sonona zaidi kuliko sonona inavyotabiri kujidharau.

Karibu na nyumbani kuna jaribio la mafunzo yanayoitwa Shamiri, lililochapishwa mwaka 2021. Wanafunzi 413 wa sekondari nchini Kenya wenye dalili za sonona au wasiwasi waligawanywa kwa kura. Kundi moja lilifundishwa mbinu za kusoma, jingine likapata vikao vinne vilivyoongozwa na vijana waliomaliza shule karibuni: kwamba uwezo wa mtu hukua, kwamba kuna ya kushukuru, kwamba kila mtu ana anayoyathamini na anaweza kuyaishi. Dalili zilipungua zaidi kwa kundi la pili. Hakuna aliyeambiwa kwamba yeye ni bora.

Swali: Nitajuaje kama nafsi yangu ina afya?

Jaribu kuomba radhi bila neno “lakini”. Kisha sikiliza habari njema ya shemeji yako hadi mwisho.

Swali: Na aliyekwisha kukata tamaa ya kuishi?

Huyo hahitaji mawaidha kuhusu nafsi. Mwulize waziwazi kama anawaza kujiua. Swali hilo halimpandikizii wazo. Usimwache peke yake, ondoa dawa za mifugo na za shamba ndani ya nyumba, na umpeleke hospitali, ikiwemo ile ya rufaa mjini Kakamega. Familia nyingi zilikuwa zikificha kwa kuogopa polisi, kwa kuwa kifungu cha 226 cha sheria ya adhabu kilifanya jaribio la kujiua kuwa kosa. Tarehe 9 Januari 2025 Mahakama Kuu ilitamka kwamba kifungu hicho kinakiuka Katiba. Daktari mweleze yote.