Kamba ya Kiuno: Uanze na Kitambi au Uanze na Misuli?
Kijitabu cha elimu ya afya kwa kaya za mkoa wa Singida

Chukua kamba. Ya katani, uzi wa kushonea viroba, hata pindo la kanga kuukuu, yoyote isiyovutika. Simama wima bila viatu. Mwenzako aibane ncha moja sakafuni penye kisigino chako, aipandishe mgongoni hadi usawa wa utosi, aikate hapo. Sasa ikunje katikati. Hiyo nusu izungushe tumboni, usawa wa kitovu, ukiwa umetoa pumzi kawaida na bila kuvuta tumbo ndani (hapo ndipo wengi wetu huanza kudanganya).

Ncha zikikutana, kiuno chako hakijazidi nusu ya urefu wako. Zisipokutana, tumbo limebeba mafuta kupita kiasi, hata kama mikono ni myembamba na hata kama mizani ya zahanati haikuonyesha jambo la kutisha.

Kipimo cha pili ni kiti. Kiwe kiti cha kawaida kisichoyumba, kimeegemezwa ukutani. Kaa, funga mikono kifuani, kisha simama na ukae mara tano haraka uwezavyo, mtu akihesabu sekunde kwenye simu. Zikipita sekunde 15, au ukishindwa bila kujishika, nguvu za miguu zimepungua. Mwenye maumivu ya goti au nyonga asijilazimishe.

Kwa kamba hiyo na kiti hicho unaweza kujibu swali linaloulizwa kwenye jimu za mjini na hata kibarazani kijijini: nianze kukata tumbo au nianze kujenga misuli?

Majibu ni haya. Kamba haikufunga lakini kiti umekishinda: anza na tumbo, huku ukiilinda misuli uliyo nayo. Kamba imefunga lakini kiti kimekushinda: usipunguze chakula hata tonge, kazi yako ni misuli. Kamba haikufunga na kiti kimekushinda, hali inayowapata baadhi ya watu waliovuka miaka 45 na kazi zao ni za kukaa: fanya yote mawili kwa pamoja. Mtu ambaye hajazoea mazoezi na ana akiba ya mafuta mwilini anaweza kuongeza misuli wakati uleule tumbo linapungua, mradi ale protini ya kutosha na asijitese kwa njaa. Na kama kamba imefunga na kiti umekishinda, huna cha kukata.

Mizani inavyodanganya

Mizani hujumlisha mifupa, maji, nyama na mafuta ikatoa namba moja. Watu wawili wa kilo 70 wanaweza kuwa tofauti kama gunia la mtama na gunia la pamba. Mafuta yenye madhara makubwa ni yale ya ndani ya tumbo, yanayozunguka ini, kongosho na utumbo. Hayo ndiyo yanayohusiana sana na shinikizo la damu na kisukari cha ukubwani. Utafiti wa kitaifa wa mwaka 2012 kwa watu wa miaka 25 hadi 64 ulikuta takriban watu 9 katika kila 100 wana kisukari, na takriban 26 wana shinikizo la juu la damu.

Tuwe wakweli pia kuhusu macho yetu. Kwetu unene bado unasomwa kama neema na wembamba kama shida. Sababu moja haiko mbali: wagonjwa wa kwanza wa UKIMWI nchini walitambuliwa Kagera mwaka 1983, na ng'ambo ya mpaka, Uganda, ugonjwa ule ulipewa jina la mitaani lililomaanisha wembamba. Aliyekuwa mtu mzima miaka ile akisikia jirani "amekonda" hushtuka, hata kama jirani mwenyewe amekusudia. Lakini Alphonce Simbu, mzaliwa wa mkoa huu, alipotwaa ubingwa wa dunia wa marathoni huko Tokyo Septemba 2025, alikuwa na mwili ambao shangazi yeyote angeuandalia sahani ya pili ya ugali. Wembamba wake ni wa misuli na mapafu yaliyofanya kazi miaka mingi.

Jambo jingine la kuondoa njiani: mafuta hayageuki kuwa misuli, wala misuli haigeuki kuwa nyama uzembe. Ni vitu viwili mbalimbali. Kimoja hupungua, kingine hukua, kila kimoja kwa sababu zake.

Funzo kutoka kwa Wahadzabe

Wengi wanaamini kwamba kitambi huisha kwa kukimbia. Jibu zuri limepatikana karibu na kwetu. Wahadzabe, ambao baadhi yao wanaishi Mkalama, wanawinda, wanachimba mizizi na kurina asali. Watafiti waliopima mwendo wao upande wa Ziwa Eyasi walikuta wanaume wakitembea takriban kilomita 11 kwa siku na wanawake takriban 6. Mwaka 2012 mtafiti Herman Pontzer na wenzake walichapisha vipimo vya nguvu ambazo miili yao hutumia kwa siku. Walitarajia ziwe nyingi mno. Ukizingatia ukubwa wa mwili, zilikuwa karibu sawa na za watu wa Marekani na Ulaya wanaoshinda wamekaa.

Maana yake kwa kaya ni kwamba mwili una ujanja wa kubana matumizi. Ukitembea sana, hubana kwingine. Kwa hiyo tumbo hupunguzwa zaidi jikoni kuliko barabarani, na mazoezi kazi yake kubwa ni kulinda misuli, moyo na mifupa.

Utafiti mwingine kwa Wahadzabe, wa mwaka 2020, ulipima muda wa kupumzika. Ulikuwa karibu saa 10 kwa siku, sawa na wetu wa makochi. Tofauti ni kwamba sehemu ya muda huo wanachuchumaa au kupiga magoti, na mtu anayechuchumaa misuli yake ya miguu haijalala. Babu zetu walichuchumaa kando ya moto. Sisi tumenunua viti vya plastiki.

Kalenda ya mvua

Vitabu vya wageni husema: punguza miezi mitatu, jenga miezi mitatu, kana kwamba chakula ni kilekile mwaka mzima. Singida tuna msimu mmoja wa mvua, kuanzia Novemba au Desemba hadi Aprili. Januari na Februari ndipo ghala linapopungua, na ndipo jembe linapodai nguvu zaidi. Mkulima anayejinyima chakula miezi hiyo ili akate tumbo anakata misuli. Mwili wenye njaa na kazi nzito haubagui: katika kila kilo nne zinazopotea kwa kujinyima tu, karibu moja huwa si mafuta bali nyama na maji ya mwili.

Basi mkulima, msimu wa kilimo, ale ashibe. Kulima, kupalilia na kubeba ni zoezi tosha. Mpango uanze Juni, mavuno yakiwa ndani, kunde na dengu zipo na kazi imelegea. Huo ndio wakati ambao tumbo huongezeka kimyakimya, maana mikono imepumzika na mlo umeongezeka. Mwenye duka, dereva wa bodaboda na mtumishi wa ofisini pale Manispaa hawana kalenda hiyo. Wao waanze Jumatatu yoyote.

Kamba isipofunga

Usiache kula asubuhi wala usishindie maji ya ndimu. Lengo ni nusu kilo kwa wiki, isizidi kilo moja. Mtu wa kilo 80 akipunguza kilo 4 tu, shinikizo la damu na sukari huanza kupata nafuu.

Kwa Singida lazima tuanze na mafuta ya alizeti, fahari yetu. Utasikia sifa kwamba hayana lehemu. Ni kweli, kama yalivyo mafuta yote ya mimea, lakini bado ni mafuta. Kijiko kimoja kikubwa kina kalori zipatazo 120. Vijiko vitatu vinalingana na gramu 100 za unga wa mahindi. Shida ni kumimina kutoka kwenye dumu moja kwa moja hadi sufuria. Weka kijiko kando ya dumu, pima kwa kijiko. Kwa watu watano, vijiko hivyo vitano kwenye mboga vinatosha kabisa kwa mlo. Asali ya Manyoni na Itigi nayo ni tamu na ni yetu, ila kwa tumbo ni sukari kama sukari nyingine.

Soda ya mililita 350 ina takriban vijiko tisa vya chai vya sukari. Ukiacha soda moja, andazi moja na vijiko viwili vikubwa vya mafuta kila siku, umeondoa karibu kalori 500, ambazo ndizo zinazohitajika kupunguza kama nusu kilo kwa wiki. Ugali hujaugusa. Na ugali wenyewe, ukiwa wa mtama au uwele usiokobolewa, unakaa tumboni muda mrefu kuliko wa sembe. Mlenda uongezwe kwa uhuru. Huo hauna hesabu, ilimradi hukuuzamisha kwenye karanga. Pombe tunaitaja kwa ufupi: ina kalori nyingi, na huvuta nyama choma nyuma yake.

Misuli hailindwi kwa maneno. Anayepunguza mwili au anayejenga misuli anafaa kupata karibu gramu 1.2 za protini kwa kila kilo ya uzito wake. Kwa mtu wa kilo 70 ni gramu 84. Hesabu ya siku moja ya hapa kwetu: mayai mawili (12), kikombe cha kunde au maharage yaliyopikwa (15), dagaa wakavu gramu 30 (18), glasi ya maziwa (8), na unga wa uwele au mtama gramu 300 kwa uji na ugali (30 hivi). Jumla 83. Hakuna unga wa kopo humo. Kuku wa Singida wanapakiwa kwa matenga kwenda Dar es Salaam kila siku, na mayai yao pia. Inafaa mengine yabaki mezani kwetu, hasa kwa bibi na babu ambao mara nyingi hupewa mchuzi na nyama ikaenda kwa vijana. Baada ya miaka 60 misuli hupungua kwa kasi zaidi, kwa hiyo mzee ndiye anayehitaji ile nyama.

Mgonjwa wa figo asiongeze protini kabla ya kuongea na daktari.

Kiti kikikushinda

Misuli hukua ikibebeshwa mzigo unaoongezeka kidogo kidogo, ikilishwa na ikipumzishwa. Siku mbili au tatu kwa wiki zinatosha. Mkoa huu umejaa mawe, basi vyuma visiwe kisingizio. Hata hivyo dumu ni salama zaidi kwa sababu uzito wake unajulikana: la lita 5 likijaa maji ni kilo 5, ndoo ya lita 20 ni kilo 20.

Anza kwa kukaa na kusimama kitini mara 8, pumzika, rudia mara tatu. Ikizoeleka, kumbatia dumu la lita 5 kifuani. Kisha kusukuma ukuta kwa mikono. Ukipata nguvu shuka kwenye ukingo wa kitanda imara, mwishowe pushapu za chini. Kisha kuinua dumu kutoka chini, mgongo umenyooka na magoti yamekunjwa, ukivuta hadi ubavuni. Kigezo ni kwamba marudio mawili ya mwisho yawe magumu; yakiwa rahisi ongeza maji. Pia tembea kwa mwendo wa kukaza, dakika 30 kwa siku tano za wiki.

Mama aliyebeba ndoo na kutwanga tangu usichana asidharau alichonacho, ila ajue kazi ileile kwa uzito uleule hutunza misuli, haiiongezi.

Wasioanza bila kuuliza

Mjamzito na mama anayenyonyesha hawapunguzi mwili. Watoto na vijana walio chini ya miaka 18 hawawekwi kwenye mpango wa kukonda. Waondolewe soda, wachezeshwe mpira, basi. Anayetumia insulini au vidonge vya kushusha sukari akipunguza chakula ghafla anaweza kuzimia, kwa hiyo apite kwanza kituo cha afya.

Aliyepungua bila kukusudia asishangilie. Kukonda pamoja na kikohozi cha wiki mbili, homa, jasho la usiku, kiu na mkojo mwingi, au chakula kukwama kooni ni sababu ya kwenda zahanati wiki hii. Inaweza kuwa kifua kikuu, kisukari, VVU au saratani, na yote hayo ni bora yajulikane mapema.

Vidonge vya kunenepesha vinavyouzwa kwa siri vinahitaji neno kali. Baadhi ni deksamethasoni, dawa halali ya hospitali inayotumiwa vibaya. Uso unajaa, tumbo linatoka, watu wanasifu. Ndani, dawa hiyo inakula misuli ya mapaja, inapandisha sukari na kudhoofisha mifupa: kinyume kabisa cha kila kilichoandikwa hapa. Aliyekwisha kuitumia kwa wiki kadhaa asiikate ghafla, maana kuikata ghafla nako ni hatari. Aende akaseme ukweli kwa mganga wa kituo. Hakuna atakayemkamata.

Kamba usiitupe. Kila mtu mzima awe na yake, ining'inizwe msumarini. Izungushe yote, bila kuikunja, usawa wa kitovu, na mahali ncha inapokutana na kamba weka alama kwa kalamu au uzi wa rangi. Rudia baada ya wiki nne, asubuhi kabla ya kula, mtu yuleyule akipima. Alama ikisogea kuelekea ncha uliyoanzia hata kwa upana wa kidole, mpango unafanya kazi, mizani iseme inavyotaka. Isiposogea kwa miezi miwili, ichukue kamba hiyo uende nayo kwa mhudumu wa afya ngazi ya jamii, au siku ya Afya na Lishe ya Kijiji, mkae mhesabu vijiko vya mafuta pamoja.